Nusu ya Salamu

Kamenge, 3 Januari 2024

Yaya Esperance,

Anselme, dereva wa gari la hostia, amesema litapanda kwenu kesho, na mahali pa barua moja hapakosekani. Nakuandikia, mkubwa wangu, nikiwa nimekaa juu ya kitanda chako. Baba amekataa kukiuza na amekataa pia nikilalie. Kipo tu, kimetandikwa, kama cha mtu aliyekwenda sokoni.

Mwaka mzima umepita tangu uingie kwa masista huko mlimani, na bado nikiimba naacha nafasi ya sauti yako. Watu wanaonialika kuimba kwenye mahoteli ya Kibenga huniuliza kwa nini nanyamaza katikati ya wimbo. Nawaambia ndivyo ulivyotungwa.

Ninatunga mchezo mpya wa jukwaani, wa watu kuimba tangu mwanzo hadi mwisho, kama ule wetu wa shuleni uliomliza mkurugenzi mpaka akatukataza kuurudia. Nautunga nikitembea kutoka Kamenge kwenda Buyenzi kwa Houda. Nikipanda basi wimbo unakatika. Miguu ndiyo ngoma yangu. Houda ameweka kando magauni ya maharusi, anashona nguo za mchezo. Juzi aliniuliza akazehe ni nini. Nikamwambia: mama yangu alikuwa wa Matana, na kule wanawake husalimiana kwa kuimba. Mwenyeji anatoa. Anamtaja mgeni kwa jina, anamuuliza habari za njia na za nyumbani. Mgeni anapokea, sauti yake inaingia kwenye mapengo ya sauti ya mwenzake, kama michi miwili ndani ya kinu kimoja. Peke yako huwezi. Ukiimba peke yako ni nusu ya salamu. Na asiyepokea amemtukana aliyetoa.

Houda akafikiri, akasema, "Sasa we na yaya yako wa mlimani, nani anatoa, nani anapokea?"

Nilimwota Mama amekaa juu ya ziwa kama mtu aliyekaa juu ya mkeka. Akaanza akazehe. Nilitaka kupokea, lakini mdomo wangu ulikuwa umejaa maji, maji matamu. Nilipoamka mto wa kulalia ulikuwa mkavu.

Mchezo unaanzia hapo. Mengine nitakuambia yakiiva.

Mdogo wako,
Irène


Monasteri, 21 Januari 2024

Irène, mtoto wa mama,

Tunaruhusiwa kujibu mara moja kwa mwezi, kwa hiyo hii ndiyo Januari yako yote. Nikuambie mapema: barua zinazoingia na zinazotoka husomwa kwanza na Sista Léocadie, mlezi wa wanovisi kama mimi, ambao bado hatujaweka nadhiri. Ukiandika tena, mtakie heri ya mwaka mpya.

Sasa kazi yangu ni kukata hostia, mkate wa misa. Mkate unatoka kwenye chuma ukiwa mpana na mweupe kama karatasi. Tunaulowesha kwa mvuke usivunjike, kisha tunakata miduara. Kinachobaki ni karatasi ya matundu. Juzi niliinua moja mbele ya dirisha, nikaona vilima vya huku, kila kilima ndani ya tundu lake. Sista Léocadie akasimama nyuma yangu. "Novisi, hilo ni dirisha la kula, si la kuchungulia." Tukalila sote wawili. Nimekuwekea vipande ndani ya bahasha, kama Anselme hajakutangulia.

Zaburi tunaziimba pande mbili zikitazamana. Upande huu unatoa mstari, upande ule unapokea, mara saba kwa siku. Siku niliyofika nilisema moyoni: hapa hakuna neno linaloachwa bila kujibiwa. Nadhani nilikuja kwa ajili hiyo tu. Mengine yote nimejifunza baadaye.

Usiniachie nafasi ndani ya nyimbo zako. Mama alikuwa akisema sauti yako ndiyo mlango, yangu ni bawaba. Usibishe, ni yeye aliyesema. Alikupenda kwa masikio, kabla hajakupenda kwa macho.

Baba anakula? Bado anatengeneza vyerehani vya watu bila kuwauliza watalipa lini? Mwambie kitanda akiuze, au akupe wewe.

Yaya wako,
Esperance


Kamenge, 12 Februari 2024

Yaya,

Heri ya mwaka mpya kwa Sista Léocadie, ingawa mwaka umeshazeeka. Anisamehe kwa haya anayokwenda kusoma. Sina njia nyingine ya kukufikia.

Jioni ile ulipokuwa ukifunga sanduku lako uliniambia jambo. Ulisema siku ya mwisho ya Mama, pale wodini, Baba alipokuwa ameshuka kutafuta maji ya moto, Mama aliinua kichwa akaanza akazehe. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda kando yake. Akatoa mara ya kwanza, ukanyamaza. Mara ya pili, ukanyamaza. Wagonjwa wengine wakageuka kutazama. Mara ya tatu sauti ikaishia katikati, na hakutoa tena. Ukaniambia, "Sikupokea, Irène. Baba asijue." Hukusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Ningekuuliza kwa haki gani? Mimi nilikuwa Kibenga, kwenye harusi ya watu nisiowafahamu, naimba, simu iko ndani ya mkoba. Wewe ulikuwepo ukanyamaza, mimi sikuwepo kabisa. Mara nyingine nakuonea wivu hata kwa kosa lako.

Huo ndio mchezo wangu. Mama anatoa, binti wa kigodani ananyamaza. Kisha binti anatembea nchi nzima akitafuta mtu wa kumpokelea salamu ile, na kila anayemkuta anamwambia: haikuwa yangu. Houda atacheza Mama. Mimi nitacheza binti. Jina lako halitatajwa. Lakini Baba atakuja kutazama, na Baba atajua.

Nimejaribu kutunga kitu kingine, yaya. Nyimbo zinakuja zikiwa zimekaa kwenye kigoda kile. Zinakataa kusimama.

Houda ananiambia, "Kwetu, shehe anamuuliza mwali mara tatu. Akinyamaza, ameridhia. Mwali gani mwenye haya atasema ndiyo kwa sauti?" Basi nitakuuliza kama shehe, mara tatu, na hii ni ya kwanza. Ukisema hapana, nitalichoma daftari. Ikifika Jumapili ya Matawi sijapata neno lako, nitajua umeridhia.

Irène

Gari lilikuwa lipande kesho, Jumanne. Anselme anasema petroli hakuna, yuko kwenye foleni tangu jana. Atapanda Alhamisi. Siku mbili si kitu.


Kibenga, 9 Machi 2024

Yaya,

Nauliza mara ya pili.

Tumepata nyumba ya kufanyia mazoezi, karibu kabisa na ziwa. Wenyewe wamehama kwa sababu maji yanapanda. Yameshafika bustanini, mipapai imesimama ndani ya maji hadi magotini. Alasiri jua linapiga maji, maji yanarusha nuru kwenye dari ya sebule, na tunaimba chini ya dari inayotembea. Asubuhi tunakuta nyayo za kiboko kwenye ngazi. Houda anasema ndiye mtazamaji wetu wa kwanza na ameingia bila tiketi.

Houda ana sauti ya Mama, na simzidishii. Kirundi chake ni cha sokoni, lakini akitoa salamu ile nywele zinanisimama. Nakaa kwenye kigoda, nanyamaza. Jana nilimwambia acha, siwezi. Akasema, "We ndiye uliandika, dada. Mi nasoma tu." Tukacheka, tukarudia.

Anselme anaapa alikupa barua yangu. "Nilimukabizi sista mulangoni, mukono kwa mukono." Basi umeisoma. Sijui unyamavu wako una sura gani. Nauona kama karatasi ile yenye matundu: naona vilima, sikuoni wewe.

Irène


Kamenge, 18 Machi 2024

Yaya Esperance,

Mara ya tatu.

Tutacheza Jumatatu ya Pasaka, saa kumi alasiri, katika nyumba ile ya Kibenga. Mkeka mmoja, kigoda kimoja, viti sitini vya kuazima kutoka parokia. Baba amepiga pasi shati lake la harusi. Hajui anakwenda kutazama nini. Anajua tu kwamba binti yake ametunga.

Nimekungoja kila gari. Huku nje ya jukwaa nimekuwa Mama, ninatoa, natega sikio, natoa tena. Lakini nikisema hivyo nakuonea. Houda alisema kweli: kuna watu ambao ndiyo yao haina sauti.

Ninakushukuru mapema.

Irène


Monasteri, 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka

Irène,

Nimepewa barua zako tatu leo baada ya chakula cha mchana, zimefungwa pamoja kwa uzi.

Hapa, kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Pasaka, barua hazigawiwi. Zinawekwa ndani ya kabati la mlezi, hazifunguliwi hata na yeye, na hakuna anayeandika. Mwaka jana nilikuwa mgeni tu, bado si novisi, sheria hiyo haikunihusu, sikuijua. Ya kwanza ilifika siku moja baada ya Majivu. Siku moja, Irène. Ingepanda Jumanne, ningekujibu.

Ningesema hapana.

Sasa ni saa kumi. Kengele ya kazi imelia, mimi nimepewa ruhusa nibaki na karatasi hii. Huko kwako viti sitini vimejaa. Houda amekaa kwenye mkeka. Anavuta pumzi. Wewe uko kwenye kigoda na unafikiri wewe ni mimi.

Huku ni kimya sana. Kuna nyuki mmoja kwenye kioo.

Kuna neno sikukuambia jioni ile. Sitaliandika leo. Kama una siku nyingine ya kucheza, naomba usicheze.

Esperance


Kamenge, 3 Aprili 2024

Yaya,

Imekwisha. Siku nzima jana nilikuwa natembea kama mtu aliyeshushwa kutoka juu ya maji, ardhi ilikuwa ngumu mno.

Watu walilia. Mwanamke mmoja wa Kinindo alisimama kwenye kiti chake akaanza kupokea salamu ya Houda, hakuweza kuvumilia, na mumewe akamvuta akae. Tulipomaliza hawakupiga makofi mara moja. Nuru ya ziwa ikapita darini, ikaenda, ikarudi, ndipo wakapiga. Wametuomba turudie mwezi ujao. Kuna watu wa redio wanataka kuurekodi wimbo wa kigoda.

Baba alikaa mstari wa pili. Nilimwona wakati Houda, akiwa Mama, alipoanza kutoa. Akatabasamu, yaya, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Mara ya pili akaacha kutabasamu. Mara ya tatu akainuka, akatoka kupitia bustanini, viatu vyake vya harusi vikaingia majini, hakuvivua.

Nyumbani nilimkuta anafungua cherehani ambacho hakina ubovu. Akasema bila kunitazama, "Miaka miwili mi naambia watu: Esperance alikuwa na mama yake, Esperance alimufunga macho vizuri. Kumbe alimuangalia tu." Nikasema, "Baba, ni mchezo." Akasema, "Apana. Mi najua mikono ya mutu. We ulikaa pale na mikono ya Esperance."

Kitanda chako amekitandua. Godoro limeegemezwa ukutani.

Niambie nilifanya vema. Uliridhia, si ndiyo?

Irène


Monasteri, 12 Aprili 2024

Irène,

Barua zetu zilipishana njiani. Hii ni ya pili mwezi huu, nimeombewa ruhusa. Sasa unajua sikuridhia, na mimi najua Baba amekitandua kitanda changu.

Nilikuwa nimeamua kuchukua yote hadi kaburini. Nilimwambia hivyo Sista Léocadie. Amesoma kila kitu, na aliuliza ni nini hasa ninachoficha, nikamwambia. Alikuwa anakunja mashuka. Akasema, "Kubeba kosa lisilo lako si unyenyekevu, mwanangu. Ni uongo uliovaa shela." Kisha akaniuliza kama nilikuja hapa kuitikia au kujificha. Nimemwomba muda wa kujibu. Yeye akasema muda ndicho kitu pekee monasteri inacho kingi.

Basi sikiliza, na ukae kitako.

Katika akazehe anayetoa humtaja anayemsalimia. Unalijua hilo, uliliandika mwenyewe. Hukuniuliza Mama alimtaja nani.

Alikuwa na homa kali. Aliinua kichwa akatazama mlangoni, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukafunguka. Akaimba: Umefika, Irène wangu, umefika. Njia ilikuwaje? Umepita wapi na jua hili? Umewaacha wazima huko ulikokuwa ukiimba? Kaa, mwenye sauti, kaa karibu yangu.

Alitoa mara tatu, na mara zote tatu alitaja jina lako.

Nifanye nini? Nikipokea, nimeiba salamu yako. Nikisema, Mama, mimi ni Esperance, atajua hupo, na furaha ile ingezimika mbele ya macho yangu. Nikakaa nikitafuta njia ya tatu, na nilipokuwa bado natafuta, akanyamaza. Alikwenda akiamini umefika na hukumjibu. Hilo ndilo nililoliona kwenye uso wake, Irène. Hakukasirika. Alitega sikio tu, kama mtu anayesikiliza mvua iliyo mbali.

Sikutaka uishi na uso huo. Ndiyo maana nilikuambia nusu, na nusu hiyo nikaiweka juu yangu. Nilidhani nimeifunga vizuri. Wewe ukaichukua, ukaikalisha kwenye kigoda mbele ya watu sitini.

Nilikasirika siku nne. Nilikata hostia vibaya, nyingi zilipinda. Sasa hasira imekwisha na ninaogopa tu. Nijibu.

Esperance


Kamenge, 26 Aprili 2024

Yaya,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama njiani, katikati ya Buyenzi, mbele ya duka la vipuri. Fundi mmoja akaniletea ndoo akaigeuza juu chini nikaikalia. Alirudi chini ya gari lake, nikabaki nikitazama miguu yake.

Nilicheza nafsi yangu bila kujua. Mwezi mzima wa mazoezi Houda alikuwa akiniuliza, "Kwa nini binti huyu ananyamaza? Nipe sababu, niimbe vizuri," na mimi nikimjibu kwamba hakuna ajuaye. Sasa najua. Alinyamaza kwa sababu hakuwepo.

Nimewajibu watu wa redio hapana. Siku ya pili ya mchezo nimeifuta, ingawa ziwa lilikuwa limeshaifuta kabla yangu: maji yameingia sebuleni. Nilikwenda na Houda kuokoa mkeka. Tulikuta kigoda kinaelea. Kilikuwa kinazunguka polepole chini ya dari ile, hakiendi popote. Houda akavua viatu akaingia kukichukua, kanga yake ikapanda majini kama ua. Akasema, "Tazama, hata chenyewe kimechoka kukaliwa."

Baba nimemsomea barua yako yote. Nilipofika kwenye jina langu alichukua karatasi akasoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Alimaliza, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Kisha akaenda akarudisha godoro lako mahali pake na kulitandika. Kona zote nne, kama alivyokuwa akitandika Mama.

Mimi hajaniambia neno. Si kwa ubaya. Ananitazama kama mtu anayetafuta maneno ya kunipa.

Siwezi kukuomba msamaha kwa barua, karatasi haitoshi. Nakuomba kitu kingine. Wewe peke yako ndiye uliyeisikia salamu yangu. Iko kwako, umeitunza miaka miwili. Kama sheria zenu zinaruhusu, naomba nije, unipe.

Nitakuja na masikio tu. Gitaa nitaliacha.

Irène


Monasteri, 9 Mei 2024, sikukuu ya Kupaa

Irène,

Wageni wanaruhusiwa Jumapili ya Pentekoste, kwa muda wa saa moja na nusu, ndani ya chumba cha mazungumzo. Katikati kuna kimia cha mbao, ukuta wa vitundu. Wewe na Baba mtakaa upande wa nje, mimi upande wa ndani, na Sista Léocadie atakuwepo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Nilimwomba ruhusa ya kuimba. Humu hatuimbi ila sala. Aliuliza, "Huo wimbo ni sala?" Nikasema, hapana, Sista, ni salamu. Akasema, "Hata malaika alipomjia Maria alianza na salamu. Imba, lakini usipige makofi."

Nimempa pia jibu lake. Nilimwambia: nilikuja kujificha, nikakuta wanaitikia. Akasema hilo linatosha kwa kuanzia, na nadhiri zangu zitangoja mwaka mmoja zaidi ili tuone ni lipi kati ya hayo mawili litabaki. Usihuzunike. Sijahuzunika.

Nimekuwa nikiirudia salamu ile kichwani nikikata hostia. Kila kitu kipo, hata mahali alipokohoa. Nitatoa kama alivyotoa. Sitabadilisha jina.

Usifanye mazoezi.

Esperance


Kamenge, 23 Mei 2024

Mutoto wangu Esperance,

Mi si mutu wa barua. Irène alitaka kuandika yeye, nikasema apana, hii ni yangu.

Siku ile pale kwenu sikusema kitu, mbele ya masista mi naona haya. Mulipomaliza ule wimbo nilitoka inje nikajifanya naangalia matairi ya Anselme. Anselme akaniuliza, "Muzee, tairi imetoboka?" Nikasema, ndiyo, kidogo. Akanipa kitambaa chake.

Nisamehe kwa kile kitanda. Nilikasirika mbele ya kuuliza. Kitanda kimetandikwa.

Irène alilala ndani ya gari kutoka kwenu mpaka tunaona ziwa, kinywa wazi, kama alivyokuwa akilala mudogo. Tangu siku ile hanyamazi tena katikati ya nyimbo zake. Muchezo ameubadilisha. Watacheza Buyenzi, uani kwa kina Houda, maana Kibenga ni kwa viboko sasa. Binti bado anakaa kwenye kigoda na ananyamaza. Lakini mwisho anakuja mwingine amechelewa, ana vumbi ya njia mpaka magotini, na huyo anapokea. Mi nilimuuliza Irène: watu hawatasema amechelewa sana? Mama yao si amekwisha kufa? Akaanza kulia. Ndipo nilimwambia kile nilikuwa natafuta namna ya kusema tangu Pasaka, na wewe nataka ukisikie kwangu, si kwake.

Siku nilimuleta mama yenu nyumbani, mama yangu alikuwa ametoka Bukavu kumupokea. Mama yenu akasimama mulangoni, akaanza akazehe yake, muzuri sana, akimutaja mama yangu jina. Sasa mama yangu ni Mushi wa kule Bukavu, si Murundi, anajua nini? Alizani bibi harusi anaimba kwa furaha. Akapiga makofi, akaniambia, "Birindwa, umepata mwenye sauti," akaenda kuangalia chungu chake. Mama yenu akabaki pale mulangoni. Hakulia, hakuuliza. Ila siku tatu hakuimba tena.

Siku ya tatu jirani mumoja Murundi akamufasiria mama yangu: yule mutoto alikusalimia, na we ukamugeukia mugongo. Mama yangu akashika kichwa. Alimukuta mama yenu anaosha sahani. Akasimama nyuma yake, akaanza kujibu. Kwa Mashi, luga ya kwao. Bila sauti yoyote nzuri, mama yangu alikuwa anaimba kama mulango mubovu. Siku tatu zimepita, salamu imekwisha lala mara tatu.

Mama yenu hakugeuka mara moja. Aliweka sahani chini, akakausha mikono. Kisha akatoa tena, tangu mwanzo, na mama yangu akapokea vile alivyoweza, na mi niko pale na gunia la muchele begani sijui niliweke wapi.

Baadaye nilimuuliza: haukumukasirikia? Hazikuwa nyingi, siku tatu? Akanicheka. Akasema, "Birindwa, salamu si maziwa. Haichachi."

Baba yako